Picha ya Nuru na Uwepo wa Mtu

Kila aliyekulia mahali pasipo na umeme amewahi kuona watoto wakizungusha kijinga cha moto usiku. Ncha inayowaka ni moja tu, lakini kijinga kikizungushwa upesi jicho huona duara zima, kama pete ya moto inayoelea gizani. Pete hiyo haipo. Ipo ncha moja inayokimbia, na lipo jicho linalochelewa kidogo kusahau ilikopita.

Kwa kanuni hiyo hiyo walifanya kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah, Marekani, wakiongozwa na Daniel Smalley. Taarifa yao ilitoka katika jarida la Nature mwezi Januari 2018. Badala ya kijinga walitumia chembe ndogo sana ya selulosi, ambayo ndiyo malighafi ya karatasi. Mwali wa leza ambao jicho karibu haliuoni huishika chembe hiyo hewani na kuipeleka huku na huko, na miali mingine ya rangi nyekundu, kijani na buluu huimulika inapopita. Chembe ikirudia njia yake upesi vya kutosha, mtazamaji huona umbo limesimama hewani. Hakuna skrini, wala hakuna miwani ya kuvaa. Unaweza kuizunguka picha na kuona mgongo wake, huku mwenzako aliyesimama upande wa pili akiona uso.

Jina la Kiswahili la vitu hivi bado halijazoeleka. Hapa tutaziita picha zenye ujazo, kwa sababu zina urefu, upana na kina, na nuru yake hutoka pale pale picha inapoonekana kuwapo.

Msomaji anaweza kuuliza mambo haya yanaingiaje katika kitabu cha insha za imani. Yanaingia kwa sababu wanaozitafuta picha hizi hawatafuti mwanga tu. Smalley na wanafunzi wake, walipochagua mfano wa kuonyesha, waliiga tukio la filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ambapo binti mfalme hutokea kama picha ndogo ya nuru na kuomba msaada. Mwanafunzi mmoja alisimama kwa mkao wa binti huyo, na umbo lake likachorwa hewani. Kinachotamaniwa, basi, ni mtu. Tunataka aliye mbali awe hapa, na kama ingewezekana, aliyekufa naye awe hapa. Swali la nani yupo na nani hayupo kanisa limekuwa nalo tangu asubuhi ile kaburi lilipokutwa wazi. Kwa hiyo tunauliza: picha ya mtu ikisimama katikati yetu, tukaizunguka, tukaiona sote bila chombo machoni, je, mtu huyo amekuja?

Tuseme kwanza mambo yalivyo, maana sisi watu wa kanisa tuna tabia ya kuziogopa mashine au kuzishangilia kabla hazijafika. Picha za Utah zilikuwa ndogo, za kukaa kiganjani. Nyingi zilizosambazwa magazetini zilipigwa kwa kamera iliyoachwa wazi kwa muda, ili ikusanye njia yote ya chembe. Mtu aliyekuwa chumbani angeona nukta inayotembea. Mkondo wa hewa tu unaweza kuiondoa chembe mahali pake. Mwezi Novemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha njia nyingine: punje ya plastiki nyepesi yenye kipenyo cha milimita 2 ilishikwa hewani kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, yaliyotoka katika spika ndogo 512, ikakimbizwa kwa kasi ya hadi mita 8.75 kwa sekunde na kumulikwa kwa taa za rangi. Waliona kipepeo akipiga mabawa. Hayo nayo yalikuwa madogo. Hakuna mtu mzima aliyesimamishwa sebuleni.

Kile ambacho watu huita hologramu jukwaani mara nyingi ni hila ya zamani mno. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1862, katika ukumbi wa Royal Polytechnic mjini London, John Henry Pepper alionyesha pepo jukwaani katika igizo la kisa cha Charles Dickens. Mwigizaji alijificha chini, akamulikwa kwa taa kali, na taswira yake ikarudishwa na kioo kikubwa kilichowekwa kwa mshazari mbele ya watazamaji. Mhandisi Henry Dircks ndiye aliyekuwa amelibuni wazo hilo. Ukikaa mahali unapotakiwa kukaa, unaona pepo. Ukienda pembeni, unaona kioo. Hologramu ya kweli, iliyobuniwa na Dennis Gabor mwaka 1947 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1971, ni jambo jingine. Nayo pia hukulazimisha kutazama kuelekea bamba lake, maana nuru hutoka huko. Na sinema za miwani huyapa macho mawili picha mbili tofauti, ubongo ukaziunganisha. Kina unachokiona kimo kichwani mwako, na jirani yako kwenye kiti kingine anaona upande ule ule unaouona wewe.

Kwa hiyo wanaotengeneza picha zenye ujazo wanatafuta kitu chenye uaminifu zaidi kuliko vyote vilivyotangulia. Tunataka kukiri hilo kabla ya kusema lolote la kupinga. Picha isiyohitaji kiti maalumu wala miwani ni picha ya wote. Torati ilidai neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu, na mashahidi ni watu walioona kitu kimoja kutoka pande mbalimbali.

Wapo watakaosema neno moja tu: sanamu. Watafungua Kutoka sura ya 20 na kufunga mjadala. Hatudhani mjadala unafungwa hivyo, kwa kuwa kitabu hicho hicho, sura ya 31, kinatuambia kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Ufundi wa mikono haukuingia Israeli kwa mlango wa nyuma. Na mitambo hii ina kazi njema. Kampuni ya Actuality Systems ya Marekani ilitengeneza mtambo ulioitwa Perspecta, tufe angavu ambalo ndani yake skrini huzunguka kwa kasi na kupokea vipande vya picha mpaka kitu kizima kionekane. Ulijaribiwa katika kupanga tiba ya mionzi ya wagonjwa wa saratani, ili daktari aone uvimbe ulivyolala kati ya viungo vingine. Anayeona sanamu hapo ana macho makali kupita yetu.

Kisa kinachotusaidia zaidi ni cha nyoka wa shaba. Mungu mwenyewe alimwamuru Musa amtengeneze, jangwani, na aliyeumwa akimtazama aliishi. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme sura ya 18, mfalme Hezekia alimvunjavunja nyoka yule yule kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba haikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walikuja kutafuta mbele yake. Kwa hiyo hatuwezi kuuhukumu mtambo kwa kuutazama mtambo. Inabidi kuuliza watu wanakuja kutafuta nini, na kama picha inaweza kuwapa.

Tuanze na wafu, maana huko ndiko fedha zilikoelekea kwanza. Mwezi Aprili 2012, kwenye tamasha la muziki la Coachella huko California, mwimbaji Tupac Shakur alionekana jukwaani, ingawa alikuwa ameuawa mwaka 1996. Haikuwa picha yenye ujazo. Ilikuwa ile hila ya Pepper, kwa karatasi angavu ya plastiki badala ya kioo. Wengi walisifu ufundi. Sisi tunalishangaa jambo dogo zaidi: picha ile ilisalimia umati kwa kulitaja tamasha kwa jina. Tamasha lenyewe lilianza mwaka 1999. Marehemu hakuwahi kulisikia. Mtu fulani aliyaandika maneno, yakatiwa kinywani mwa mtu asiyeweza kukataa.

Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haisemi kwamba jirani lazima awe hai. Kadiri picha inavyokuwa nzuri ndivyo ushuhuda wa uongo unavyokuwa mzito, kwa sababu neno linalotoka katika uso tunaoupenda tunaliamini kabla ya kulipima. Fikiria baba aliyekufa bila kuacha wosia, na watoto wanaogombana juu ya shamba. Fikiria mmoja wao ana uwezo wa kumlipa fundi.

Hatusemi kwamba kila kumbukumbu ya namna hii ni uongo. Taasisi ya USC Shoah Foundation ya Marekani imewarekodi watu walionusurika katika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, miongoni mwao Pinchas Gutter, kwa kamera nyingi zilizomzunguka. Aliketi siku kadhaa akijibu maswali mengi, na leo mgeni wa makumbusho anapouliza, mtambo humtafutia jibu ambalo Gutter mwenyewe alilitamka. Mwenye kinywa aliketi, alijua, alikubali, na maneno ni yake. Hiyo ni karibu na barua aliyoiacha mtu mezani kuliko na pepo wa jukwaani. Tofauti ya visa hivi viwili haipo katika nuru hata kidogo.

Watu wa kanisa wakizungumza juu ya kuwaita wafu huikumbuka Endori. Katika 1 Samweli sura ya 28, Sauli aliyekuwa amewafukuza wenye pepo wa utambuzi anamwendea mwanamke mmoja usiku, akiwa amejibadilisha mavazi, ili aitiwe Samweli. Wafafanuzi wamebishana sana kama aliyetokea alikuwa Samweli kweli, na hatutamaliza ubishi huo hapa. Tunaomba tu msomaji aangalie aliyetokea alisema nini. Alilalamika kwamba amesumbuliwa. Hakumfariji mfalme, wala hakumpa shauri la vita. Alirudia lile ambalo Sauli hakutaka kulisikia alipokuwa hai, akaongeza habari mbaya ya kesho. Samweli alibaki Samweli. Picha tutakazozitengeneza sisi hazitatusumbua hivyo. Zitakuwa wafu wasiokasirika, wanaosema ndiyo, na mtu anaweza kuzeeka akiwa nao bila kuambiwa neno moja gumu.

Sasa tuje kwa walio hai, ambako kwetu sisi swali ni la karibu zaidi.

Tunaye mama ambaye yuko Oman au Saudia akifanya kazi za nyumbani, na watoto wake wako kwa bibi yao. Leo wanamwona kwenye simu, uso wake ukiwa mkubwa kama kiganja, mtandao ukikatika katikati ya sentensi. Kesho, tuseme, atasimama chumbani kila jioni, mzima, watoto wamzunguke. Je, tuwanyime? Hasha. Mtu aliyeshiba mama yake asimhubirie mtoto mwenye njaa ya mama. Tunachokihofia kiko kwa watu wazima. Siku mama atakaposema amechoka na anataka kurudi, watamjibu: mbona uko hapa kila jioni? Picha nzuri hugeuka kuwa sababu ya kutomrudisha mtu nyumbani.

Hili si jambo la kubuni. Katika Marekani, magereza kadhaa ya wilaya yalifunga mitambo ya video ili wafungwa waonane na jamaa zao wakiwa mbali. Iliingia kama msaada kwa wanaoishi mbali. Kisha baadhi ya magereza hayo yaliondoa kabisa kutembelewa ana kwa ana, na familia iliyofika mlangoni ikaelekezwa kwenye skrini. Katika Mathayo sura ya 25 Bwana wetu anawataja waliomwendea alipokuwa kifungoni. Anazungumzia watu waliofika. Hatujui njia ya kuisoma sura ile ambayo inaturuhusu kufunga mlango wa gereza na kuacha video peke yake. Skrini ya video inaonekana waziwazi kuwa skrini, na bado imetumika hivyo. Itakuwaje picha itakapokuwa haina skrini?

Jambo hilo hilo lipo kanisani. Mchungaji mmoja ana mitaa mingi, na mtaa wa mbali humwona mara chache kwa mwaka. Si vigumu kumwazia mzee wa kanisa mwenye nia njema akisema kwenye kikao: tununue mtambo, mchungaji asimame kila mtaa Jumapili moja. Mahubiri yatasikika, na pengine yatakuwa mazuri kuliko yale ya mwinjilisti aliyesoma kidogo. Lakini mwinjilisti yule ndiye aliyefika kwa mgonjwa juzi, viatu vikiwa na tope, akala kilichokuwapo. Mlangoni baada ya ibada bibi mmoja humshika mkono na kumweleza habari za mwanawe, na hamwachii mpaka amalize. Mwinjilisti anaweza kuchelewa nyumbani kwa sababu ya bibi huyo. Tunaona kwamba hapo ndipo kuwapo kulipo: mtu akiwapo, anaweza kupatwa na jambo kwa sababu yetu. Mvua yetu inamnyeshea. Tukimwudhi anaudhika, tukikosea anatukataza.

Ndugu zetu wasioona walikuwa wanalijua jambo hili kabla ya leza kubuniwa. Kama kuwapo kungekuwa ni kuonekana, basi wao hawajawahi kuwa na mtu yeyote karibu nao. Lakini waulize nani yuko chumbani. Watakuambia, na mara nyingi watakuambia pia kwamba ana huzuni.

Mtu atauliza: na Mtume Paulo, je? Hakuwaandikia Wakorintho kwamba mwili wake uko mbali lakini yupo nao kiroho? Aliandika, na hatuidharau barua. Agano Jipya sehemu yake kubwa ni barua. Ila tuangalie waandishi wa barua hizo walivyozitazama. Mwishoni mwa waraka wake wa pili, na tena wa tatu, Yohana anasema anayo mengi ya kuandika lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kuja na kusema nao uso kwa uso. Barua ya mtume inajua kwamba ni barua. Inaacha nafasi ya kuja. Hata binti mfalme wa ile filamu ya mwaka 1977, kama tunaruhusiwa kumtaja tena katika kitabu cha kanisa, alituma picha yake ili mtu ainuke na kwenda aliko. Wasiwasi wetu na picha kamilifu ni kwamba haiachi nafasi. Inasimama palepale ambapo mtu angesimama.

Mungu naye, tukisema kwa heshima, hakukosa njia za nuru. Kichaka kiliwaka bila kuteketea. Nguzo ya moto ilitembea mbele ya kambi usiku, ikaonekana na wote, bila chombo chochote machoni, wanawake, watoto na wazee, kutoka kila upande. Kama nuru iliyosimama katikati ya watu ingetosha, historia ya wokovu ingeishia jangwani. Haikuishia huko. Waliokuwa wameiona nguzo ndio waliotengeneza ndama. Ndipo, wakati ulipotimia, Neno alifanyika mwili. Akapata njaa, akachoka akaketi kisimani, akapigwa.

Tunafika kwa Tomaso. Tumezoea kumwita mwenye shaka, na wahubiri wengi humtumia kama mfano wa kutofuata. Sisi tunamheshimu. Wenzake walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba wamemwona Bwana. Angeweza kuomba kuuona uso, kama wao. Uso unaweza kufanana. Ndoto huleta uso, na huzuni huleta uso kwa kila mfiwa saa tisa za usiku. Tomaso aliomba makovu. Alitaka kujua kama aliye hai sasa ndiye yule aliyepigiliwa, kama mwili ule unabeba habari ya siku ya Ijumaa. Bwana hakumkemea kwa kuomba hivyo kiasi cha kumnyima, alimnyoshea mikono.

Na Luka anasema kwamba wanafunzi walidhani wanaona roho, naye akawaomba chakula, akala kipande cha samaki mbele yao. Kovu na chakula: vyote viwili ni mambo yanayoupata mwili. Picha ya nuru, hata ikiwa kubwa na kamili, haina mahali ambapo msumari ungeingia. Fundi anaweza kuchora kovu juu yake, bila shaka, na asubuhi akalifuta.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, kwa maana hoja nyepesi ingekuwa kusema picha haigusiki, Yesu aligusika, basi tumemaliza. Hatujamaliza. Wale watafiti wa Sussex walionyesha kwamba mawimbi yale yale yanayoibeba punje yanaweza kukusanywa mahali pamoja hewani mpaka mkono uhisi kitu, na yanaweza kutoa sauti ya kusikika papo hapo. Kuona, kusikia na kuguswa kidogo vimekwisha kupatikana katika mtambo mmoja. Tukiijenga imani yetu juu ya kile ambacho mashine bado haijaweza, tutahama nyumba kila miaka mitano. Tomaso hatuhifadhi kwa sababu kugusa hakuigiki. Anatusaidia kwa sababu ya kile alichokitafuta kwa kugusa.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo limetufurahisha tulipokuwa tukiandika. Picha hizi zina udhaifu ambao wataalamu wenyewe huutaja: zimetengenezwa kwa nukta za nuru tupu, na nuru haizuii nuru. Upande wa nyuma wa picha huonekana kupitia upande wa mbele, kama kivuli cha moshi, na ni vigumu kufanya mkono ufiche kifua kilicho nyuma yake. Wala picha ya nuru haina kivuli chake. Mwili ni kitu kinachozuia mwanga. Katika Matendo sura ya 5 watu wa Yerusalemu waliwalaza wagonjwa njiani ili Petro akipita, angalau kivuli chake kimwangukie mmoja wao. Tumekisoma kisa hicho mara nyingi kama kisa cha nguvu, na ni kweli. Lakini ni kisa pia cha mtu aliyepita kwa miguu kwenye barabara ile, jua likiwa upande mmoja na wagonjwa upande mwingine, naye katikati.

Basi kwa swali tulilouliza mwanzoni jibu letu ni kwamba hapana, mtu huyo hajaja. Picha yake imekuja, na picha inaweza kuwa zawadi njema sana. Juu ya Meza ya Bwana hatuoni shida kubwa ya kuamua: anayegawa mkate awe ameshika mkate, na anayeupokea awe na mdomo mahali hapo. Mengine yatahitaji hekima ya vikao vyetu, na hatutaki kuwaandikia kanuni watu ambao bado hawajauona mtambo wenyewe.

Lakini jamaa watakuja, pengine mapema kuliko tunavyodhani, wakiuliza kama marehemu wao anaweza kuonyeshwa hivyo siku ya kumbukumbu. Tusiwafukuze. Tuwaulize kwanza kama maneno yatakayosikika aliyasema yeye, na kama alijua yatatumiwa hivi. Kama sivyo, tuwaombe kwa upole waache. Kama ndivyo, tungekubali, kwa ombi kwamba mtambo usifichwe: waya na taa vionekane, watoto waruhusiwe kuizunguka picha na kuuliza babu anatokea wapi, na mtu mzima awajibu kweli. Kisha izimwe kabla ya chakula, ili mjane asikae akitazama kona ile wakati watu wamepanda magari usiku kucha kuja kuketi naye.